Ruvuma Haihitaji Samaki wa Kuazima

Kila semista ina mjadala wake vimbwetani. Iliyopita ilikuwa bumu kuchelewa, jambo ambalo halina jipya. Semista hii mjadala ni mabwawa ya samaki. Kuna wenzetu kama kumi na wawili wamejikusanya, wamechanga, na wamepata mwenyeji aliyekubali kuwapa kipande cha bonde jirani na Mto Ruvuma. Mpango wao ni kuchimba mabwawa mawili, kununua vifaranga vya sato, na kufikia mwaka ujao wawe wanauza samaki mjini. Nawapongeza kwa moyo wote. Ajira tunazijua zilivyo, hasa sisi wa ualimu, na mtu anayechimba bwawa ana akili kuliko anayekaa kusubiri tangazo.

Ila nina neno moja kwao, nalo ndilo hoja ya makala haya: bwawa chimbeni, lakini sato msimpeleke bonde la Ruvuma.

Nimelisema hili mara mbili pale kimbwetani na mara zote nimezimwa. Aliyenizima vizuri zaidi ni rafiki yangu mmoja wa kutoka Rungwe, mtani wangu. Alisema hivi: "Nyie watu wa kusini mnapenda kulalamika. Kwetu kule juu mito ni ya baridi, mzungu akaja akapanda trauti, samaki wa kwao kabisa, na mpaka leo ni sifa. Wewe unaogopa sato, Mtanzania mwenzako?" Watu wakacheka, nami nikacheka, mjadala ukaisha.

Lakini hoja yake ni nzuri na inastahili jibu kamili. Kama trauti aliletwa kutoka Ulaya akatiwa kwenye mito ya Afrika Mashariki na dunia haikuanguka, sato wa Ziwa Victoria ana kosa gani akija Mtwara? Nimekaa na swali hilo, nikasoma, na nimegundua kwamba habari ya trauti, ukiifuata mpaka mwisho, inanitetea mimi.

Tuanze na trauti mwenyewe. Wapo wa aina mbili waliofika kwetu: trauti wa kahawia, asili yake Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua, asili yake upande wa Pasifiki wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, yule aliyepata umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape Town mpaka Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven kule Scotland. Mayai yalisafirishwa kwa meli yakiwa kwenye baridi, yakapandishwa milima ya Aberdare nchini Kenya, na samaki wakatiwa katika mto Gura. Wakashika. Baadaye trauti walisambazwa kwenye vijito vya Mlima Kenya, na huku kwetu vya Kilimanjaro na nyanda za juu kusini. Mwaka 1948 Kenya ikawa na kituo cha kuwazalisha pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Na Februari 1952 Binti Elizabeth wa Uingereza alikuwa mapumzikoni Sagana, kando ya mto wenye trauti, habari ilipomfikia kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni malkia. Ndiyo heshima aliyopewa samaki huyu: mtoto wa mfalme anakuja kumvua.

Sasa angalia kitu ambacho mtani wangu hakukitaja. Trauti ni mfungwa. Gereza lake ni baridi.

Wenzangu wa Fizikia na Kemia mnaijua kanuni hii: maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Maji safi ya nyuzi 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita; yakifika nyuzi 30 yanabeba kama saba na nusu. Trauti ameumbwa kwa maji ya kwanza. Maji yakivuka nyuzi 20 anaanza kuhangaika, yakikaribia 25 anakufa. Kwa hiyo ukimtia kwenye kijito cha mlimani, anapanda na kushuka humohumo kijitoni, kwenye kivuli cha msitu, juu ya mawe yanayopigwa na maji. Akijaribu kuteremka nyikani, joto linamrudisha au linamuua. Mlima wenyewe umemjengea ua.

Na hata akiwa ndani ya ua huo, si samaki wa kuchezewa. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, lina orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Trauti wote wawili wamo. Penye samaki wadogo wa asili, wadudu wa majini na vyura, trauti anakula bila kuuliza mwenyeji nani. Kwa hiyo hata hiyo "sifa" ina bei yake, ila bei imebaki milimani kwa sababu ya baridi.

Je, sato ana ua gani Ruvuma?

Hana. Sato anapenda maji ya joto, na Ruvuma ni ya joto tangu inapoiacha milima ya Songea mpaka inapoingia baharini, mto wa karibu kilomita 800. Anakula majani ya majini, ukungu wa majini, wadudu, chochote. Anavumilia matope. Anavumilia hata chumvi kiasi, kwa hiyo si ajabu akafika karibu na mikoko. Mwachie sato mmoja dume na mmoja jike kwenye kidimbwi cha Ruvuma na hakuna baridi itakayowasimamisha. Ukitia trauti hapo kwetu, anakufa kabla ya adhana ya magharibi. Ukitia sato, wajukuu zake watakuwepo wewe ukiwa umestaafu.

Na kutoka bwawani kwenda mtoni si safari. Wanaoishi kandokando ya Ruvuma wanajua: mvua za Machi na Aprili zikishuka vizuri, mto hautambui mpaka wa shamba la mtu. Unatoka, unakaa mashambani, unarudi ukitaka. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto huu, na sisi huku tulikesha tukisikiliza redio. Bwawa la udongo lililochimbwa bondeni na wanafunzi wenye majembe litahimili nini? Siku moja maji yatapita juu ya tuta, na asubuhi mtakuta bwawa limejaa maji na halina samaki. Nyinyi mtahesabu hasara ya vifaranga. Mto utahesabu kitu kingine.

Hesabu ya mto ni hii. Ruvuma tayari ina perege wake. Wanasayansi wanamwita Oreochromis placidus, samaki wa Ruvuma na mito ya Msumbiji. Tanzania ni moja ya nchi zenye aina nyingi zaidi za perege wa ukoo huu duniani, na nyingi zina mto au ziwa lake, kama kabila na kijiji chake. Tatizo ni kwamba perege na sato ni ndugu wa karibu kiasi cha kuoana. Sato akiingia, kwanza anagombania chakula na mahali pa kutagia, kisha anazaa na wenyeji. Baada ya vizazi kadhaa, mvuvi anavua samaki anayefanana na perege, lakini perege mwenyewe hayupo tena. Hakuna siku utakayosema "leo ndiyo ametoweka". Anayeyuka tu kama chumvi kwenye mchuzi. Watafiti waliopita kwenye mabonde ya mito ya nchi hii wamekuta sato na ndugu zake wa kuletwa katika sehemu nyingi ambazo si kwao, kwa hiyo sizungumzii hofu ya kufikirika.

Wenzetu wa kutoka Mwanza, Mara na Kagera hawahitaji kufundishwa hili. Sato mwenyewe si mwenyeji wa Ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950, na sangara akaletwa kipindi hichohicho na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla yao samaki wa heshima ziwani alikuwa ngege. Waulizeni wazee wenu mara ya mwisho walimla lini ngege wa ziwa kubwa. Sangara alileta viwanda na fedha za kigeni, hilo ni kweli na silikatai. Lakini ngege na mamia ya aina za furu walilipa, na hakuna aliyewaomba ruhusa. Mtani wangu anamwita sato "Mtanzania mwenzako". Sawa, ila hata huko ziwani ni mhamiaji.

Najua yatakayosemwa, maana yamekwisha kusemwa. Nitayajibu moja moja.

La kwanza: sato anakua haraka na vifaranga vyake vinapatikana. Kweli. Amefanyiwa uchaguzi wa mbegu kwa miaka mingi na nchi nyingi, perege wetu hajafanyiwa. Lakini sisi wa Mtwara tunalijua jambo hili kwa upande wa korosho. Mkorosho wa leo haukujileta wenyewe. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimekaa miaka kuchagua mbegu zinazofaa ardhi hii na magonjwa yake. Mbegu bora haipatikani kwa kukimbilia ya jirani tu, inapatikana kwa mtu kukaa na ya kwake akaichagua. Na tukimchanganya perege wa Ruvuma leo, kesho mtafiti akija kuchagua, hatakuta cha kuchagua.

La pili: tutanunua vifaranga vya dume tu, hawatazaana. Wazo si baya, na wafugaji wengi wanafanya hivyo ili samaki wasijazane bwawani. Lakini muulize muuzaji kama anaweza kukuapia kwamba kati ya vifaranga elfu hakuna jike hata mmoja. Na dume aliyetoroka naye ana macho. Atawaona majike wa perege.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma: "Kwani nani anamjali huyo perege?" Hapo ndipo trauti anapotufundisha kitu cha maana kuliko vyote. Vijito vya trauti kule Kenya viliwekewa leseni. Ukawekwa ukubwa wa samaki anayeruhusiwa kutolewa na idadi ya kuchukua kwa siku. Wavuvi wa fimbo na ndoano walijua kila kijito kwa jina, walijua maji yakichafuka ni wapi msitu umekatwa. Kijito kilipata walinzi kwa sababu ya samaki mmoja waliyempenda. Kwamba walinzi hao walikuwa wageni, na kwamba mwenyeji wa mlimani alionekana mwizi kwenye mto wa babu yake, ni dhuluma ya ukoloni, wala siisafishi. Lakini somo linabaki: samaki anayejulikana jina analindwa, asiyejulikana anabadilishwa kama balbu.

Na wetu tunawajua kiasi gani? Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya vijijini mkoani huku, nilifundisha Kidato cha Pili uainishaji wa viumbe. Niliwaambia wanafunzi wanitajie samaki wa mto wao. Ubao ulijaa. Walitaja perege, kambale, mkunga wa mtoni, na majina mengine ya Kimakonde ambayo sikuwahi kuyaona kwenye kitabu chochote. Msichana mmoja alieleza jinsi perege jike anavyobeba mayai mdomoni na watoto wanavyokimbilia humo wakiona hatari. Mvulana mmoja alijua kwamba kambale anaweza kukaa kwenye tope maana anavuta hewa ya juu. Hayo ni maarifa ya Baiolojia kabisa, na hayakutoka kwangu. Nilipowauliza kama kuna mahali yameandikwa, darasa lilinyamaza.

Mkunga peke yake angetosha kuwa somo la wiki nzima. Mikunga wa mito yetu inayomwaga Bahari ya Hindi huishi miaka mingi kwenye maji baridi, kisha hushuka mpaka baharini kwenda kutaga mbali kule, na watoto wao hurudi wenyewe kutafuta mito. Trauti aliyeletwa kwa meli tunamjua, mkunga anayesafiri bahari bila meli hatumjui.

Kutomjua kuna gharama ambayo tayari tunailipa. Pwani yetu imeumizwa na baruti kwa miaka mingi. Vyandarua vya mbu vimekuwa nyavu, vinazoa mpaka vifaranga. Kwenye vidimbwi vya kiangazi wapo wanaotwanga utupa na kulewesha kila kilicho hai majini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti na sumu, na tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ni jambo jema sana. Lakini hifadhi inalinda mlango wa mto, na mto ni mrefu. Kinachoingizwa juu, ipo siku kitafika mlangoni.

Sasa, nisiwe mtu wa kukataza tu. Wenzangu wenye bwawa, mambo matatu yanawezekana.

Moja, hamisheni bwawa. Likiwa juu, mbali na bonde linalofurika, maji yake yasiyoelekea mtoni, mnaweza kufuga mnachoshauriwa na afisa uvuvi. Gharama ya maji itaongezeka, najua. Lakini mtalala usingizi mvua ikinyesha.

Mbili, fikirieni mwatiko. Huyu ni samaki wa pwani hii, anafugwa tayari Mtwara kwenye mabwawa ya maji ya chumvi, na vifaranga vyake vinakusanywa hukuhuku ufukweni. Akitoroka, amerudi kwao. Soko lake halihitaji kuelezwa, nendeni Feri mkaulize.

Tatu, kama ni lazima maji baridi na lazima bondeni, fugeni perege wa Ruvuma mwenyewe. Atakua polepole kidogo. Mtapata pungufu mwaka wa kwanza. Lakini mtakuwa kundi la kwanza la wanachuo linaloweza kusema linafuga samaki wa mto huu, na hilo nalo ni biashara. Kabla ya kununua chochote, pandeni bajaji mpaka Mikindani, pale kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Kuna watu wanaoijua kazi hii kuliko mimi na kuliko kimbweta chetu chote.

Kwa sisi wa elimu nina ombi tofauti. Kila mwaka tunatawanywa mashuleni kwa wiki kadhaa. Wengi tunapangiwa vijijini, na karibu kila kijiji kina mto, kijito, chemchemi au bwawa. Napendekeza kila mmoja wetu aende na daftari moja la maji. Aandike na wanafunzi wake majina ya samaki kwa lugha ya pale na kwa Kiswahili, miezi wanapopatikana, mahali wanapotagia, na nini kimebadilika kwa kumbukumbu ya wazee. Kipimajoto cha maabara kinatosha kupima joto la maji asubuhi na mchana. Hakuna bajeti inayohitajika zaidi ya kalamu. Ukirudi chuoni, daftari lipelekwe maktaba. Baada ya miaka mitano tutakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mradi wa wafadhili ungeweza kuinunua, maana imetoka kwa watoto wanaovua.

Serikali ya wanafunzi inaweza kulibeba hili kwa mkutano mmoja tu. Inaweza pia kulisema jambo moja kwa ndugu zetu wa kikundi cha mabwawa, kwa upendo na bila kejeli: kwamba mto huu tumeukuta, tunaushirikia na Msumbiji, na samaki hawagongi mihuri ya uhamiaji. Tutakachotia upande huu kitaliwa upande ule.

Mtani wangu wa Rungwe anayo haki ya kujivunia kijito chake cha baridi. Ni kizuri, na msitu unaokipa kivuli unastahili kulindwa kuliko trauti aliyemo. Mimi najivunia mto mpana wa mchanga, wenye mamba na viboko, maji ya vuguvugu, na perege anayebeba watoto mdomoni. Wenzangu wanaelekea kununua vifaranga mwisho wa mwezi huu bumu likitoka. Kwa mara ya kwanza tangu nije chuoni, naomba lichelewe kidogo.